Fari Zenye Ukungu: Zing'arishe Mwenyewe, Kisha Uzikinge

Huku kwetu Ituri, Kongo, karibu na ikweta, jioni haina subira. Jua huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na nusu saa haipiti kabla barabara ya kutoka Kasenyi kupanda Bogoro haijawa nyeusi. Shofere aliyechelewa ufukweni mwa Ziwa Albert akingoja samaki wapakiwe anawasha fari. Mama aliyekaa mbele anamwambia, “Papa, washa fari.” Anajibiwa, “Zinawaka, mama.” Na kweli zinawaka. Balbu ni nzima, betri ni nzima, lakini mwanga umebaki ndani ya taa kwa sababu uso wake umekuwa wa njano na wenye ukungu.

Wengi wakifika hapo hukimbilia dukani Bunia kununua balbu kali zaidi. Hiyo ni kuongeza moto nyuma ya pazia. Ukungu ule haupunguzi mwanga tu, huutawanya pia. Kwa hiyo balbu kali hukupa wewe nafuu ndogo na kumpiga machoni anayekuja mbele yako. Dawa iko kwenye uso wa taa. Ni kazi ya nusu siku chini ya mwembe, kwa msasa, maji na kompaundi ya kung'arishia. Tatizo ni kwamba wengi wanaoifanya huishia nusu: wanang'arisha, wanafurahi, wanaondoka, na baada ya miezi michache taa imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Makala haya yanakupeleka hadi mwisho wa kazi.

Kwa nini zinafifia

Land Cruiser za zamani zenye fari za duara zina kioo halisi, ambacho hakigeuki njano hata gari likizeeka. Lakini Noah, Probox, Ipsum, RAV4, Harrier na karibu magari yote mengine tunayopanda leo yana lenzi za plastiki iitwayo polikaboneti. Ilibuniwa mwaka 1953 na Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, na wakati huohuo Daniel Fox wa General Electric, Marekani, aliifikia kwa njia yake. Fari za plastiki zilianza kuenea baada ya Marekani kubadili sheria yake mwaka 1983, na leo ndizo kawaida ya dunia nzima: ni nyepesi, hazivunjiki kwa jiwe dogo, na hufinyangwa kwa umbo lolote.

Udhaifu wake ni mambo mawili: hukwaruzika upesi, na miale ya jua isiyoonekana kwa macho huila. Ndiyo maana kiwandani huvishwa utando mwembamba mgumu wa kuikinga. Siku utando huo unapochoka, huanza kubabuka na kupata mabaka, na plastiki iliyo chini yake hugeuka njano. Kwetu huchoka mapema. Tuko kaskazini kidogo tu mwa ikweta, jua linatupiga utosini, na kadiri unavyopanda juu ndivyo miale hiyo inavyozidi, kwa kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kasenyi iko chini, karibu na mita 620 za Ziwa Albert, lakini ina joto na mchanga wake. Ongeza vumbi jekundu la barabarani, na ile desturi ya kufuta fari kwa kitambaa kikavu kila gari linaposimama. Halafu kumbuka kwamba gari lenyewe lilizeeka Japani kabla halijashushwa Mombasa au Dar es Salaam na kupita Kampala kuja kwetu.

Hasara yake imepimwa. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilionyesha kwamba fari zilizochakaa hivyo zinaweza kutoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa fari mpya. Zilipong'arishwa zilirudi kwenye asilimia 70 hivi. Basi usitegemee upya kamili. Lakini tofauti ya 20 na 70, kwenye kona za mlima wa Bogoro, ni tofauti ya kumwona mwenye baiskeli na kutomwona.

Pima kabla ya kugusa msasa

Si kila ukungu huondoka kwa kung'arisha. Osha taa vizuri, kisha imwagie maji safi na uitazame ikiwa bado imelowa. Ikionekana safi kwa muda ule wa unyevu, furahi: ubovu uko juu, na msasa utauondoa. Ikibaki na ukungu hata ikiwa na maji, tatizo liko ndani au limezama kwenye plastiki.

Matone ya maji upande wa ndani yanaonyesha kwamba mpira wa kuziba umepasuka au kifuniko cha balbu nyuma hakijakaa. Hapo kazi ni kukausha na kuziba kwanza. Nyufa ndogondogo nyingi zilizozama ndani ya plastiki kama utando wa buibui haziondoki. Ukizifuata kwa msasa utaitoboa lenzi bure. Chungulia pia kile kikombe kinachong'aa nyuma ya balbu. Kikiwa kimeungua na kupoteza weupe wake wa kioo, hata lenzi mpya haitakusaidia. Mwisho, gonga lenzi kwa ukucha. Kioo hulia kwa sauti kali na plastiki hulia kwa sauti butu. Taa ya kioo ioshe tu. Msasa huu si wake.

Dawa za mtaani

Dawa ya meno inafanya kazi kidogo, kwa sababu ina chembe laini za kusugua. Itakupa nuru ya siku chache kwenye taa isiyochoka sana, lakini haiwezi kutoa utando uliobabuka, wala haikingi chochote.

Dawa ya mbu ya kujipaka ndiyo inayodanganya zaidi. Unaipaka, ukungu unatoweka papo hapo, na watu wanapiga makofi. Kilichotokea ni kwamba kemikali yake imeyeyusha uso wa plastiki na kuulainisha. Baada ya muda mfupi ukungu unarudi ukiwa na mabaka na mnato, na sasa ni mgumu zaidi kuutoa. Petroli, thina na mafuta ya breki ni mabaya zaidi, kwa sababu huweza kupasua polikaboneti au kuharibu rangi ya bodi iliyo kando. Mafuta ya kulainisha nati zilizoshika kutu hung'arisha hadi mvua ya kwanza tu. Ukiona dawa inayofanya kazi bila jasho, jiulize imekula nini.

Vifaa

Mafundi wa rangi za magari Bunia wanatumia msasa wa maji, na huuuza kwa karatasi. Tazama namba nyuma yake: namba ndogo ni msasa mkali, namba kubwa ni laini. Chukua 800, 1000, 1500 na 2000, na 3000 ukiipata. Kwa taa ambayo utando wake umebabuka sana, ongeza 600 ya kuanzia. Tafuta pia skochi ya karatasi wanayotumia wapaka rangi, kompaundi ya kung'arishia rangi ya gari, sabuni ya maji, sponji, bidoni ya maji safi, tisheti kuukuu za pamba zilizofuliwa, na alkoli ya farmasia. Zipo seti kamili za kampuni kama 3M na Turtle Wax. Ukiwa na mtu anayetoka Kampala unaweza kumwagiza. Ndani yake mna mambo hayahaya, na faida yake kubwa ni kile kichupa cha kinga cha mwisho. Ukikuta seti isiyo na kinga, iache.

Kazi yenyewe

Chagua asubuhi iliyofuata mvua, vumbi likiwa limelala na upepo wa ziwani haujaanza. Weka gari kivulini. Jua hukausha kompaundi kabla hujamaliza kuisugua.

Osha taa na bodi iliyo kando kwa maji mengi na sabuni. Usiende kuchovya kitambaa ufukweni: maji ya pale yana mchanga, na punje moja ikinaswa chini ya msasa itachora mifereji utakayohangaika nayo mchana kutwa. Kausha, kisha zungushia bodi skochi mara mbili, kwa sababu msasa ukigusa rangi ya gari umejitafutia kazi nyingine.

Loweka msasa wote kwenye ndoo kwa dakika chache. Anza na 800, umezungushwa kwenye kipande cha sponji ili ukandamize sawasawa bila kuacha alama za vidole. Sugua kwa mwelekeo mmoja tu, kushoto na kulia, huku ukidondosha maji wakati wote. Mwanzoni uji unaotoka ni wa njano, na huo ndio utando uliokufa. Endelea hadi uji uwe mweupe na uso wote uwe na ufifi wa aina moja, bila kisiwa kinachong'aa katikati. Hapo taa itaonekana mbaya kuliko ulivyoikuta. Usiogope, wala usiishie hapo.

Suuza kila kitu na ubadili maji. Chukua 1000 na ubadili mwelekeo, sasa juu na chini. Mistari ya 800 itaonekana ikikatiza mistari yako mipya. Sugua hadi ipotee yote. Kisha 1500, kushoto na kulia. Kisha 2000, juu na chini. Kubadili mwelekeo ndiko kunakokuonyesha kama hatua iliyopita imekwisha kweli. Anayeruka namba ili awahi hupata taa inayong'aa mchana na kutoa mwanga wa maziwa usiku, kwani mikwaruzo ya 800 bado imo na kompaundi haiwezi kuifuta. Tenga robo saa au zaidi kwa kila namba kwa kila taa.

Ukiwa na mpango wa kumalizia kwa vanishi ya kupuliza, simama kwenye 1500 na uruke hadi sehemu ya kinga. Vanishi inahitaji uso uliofifia kidogo ili ishike, nayo yenyewe itaijaza mikwaruzo hiyo. Ukiwa utamalizia kwa kinga ya kupaka kwa kitambaa au kwa nta, endelea hadi 2000 au 3000, halafu uje kwenye kompaundi. Weka tone dogo kwenye tisheti, sugua kwa miduara midogo ukikandamiza, kisha legeza mkono kompaundi inapoanza kukauka, na ufute. Rudia hadi uone balbu waziwazi. Umeme si lazima, mkono unatosha. Anayetumia drili yenye sponji aiendeshe polepole na asikae sehemu moja, maana msuguano huleta joto na plastiki ikipata moto hujikunja.

Kinga ndiyo kazi

Hapa ndipo wengi hukunja mkeka. Kumbuka ulichofanya: umeondoa utando wote wa kiwandani. Plastiki iliyobaki ni safi, lakini iko uchi. Ni kama samaki aliyeparuliwa magamba, ukimwacha juani haoni jioni. Bila kinga, taa uliyoitolea jasho itaanza kugeuka njano ndani ya miezi michache.

Njia ya kudumu zaidi ni vanishi ya gari yenye kinga dhidi ya miale ya jua, ile inayochanganywa na kigumisho. Usichukue vanishi ya mbao: hupasuka na kugeuka njano yenyewe. Futa taa kwa alkoli, iache ikauke, kisha upulize mkono wa kwanza mwembamba sana, kama ukungu tu, kwa sababu vanishi nyingi ikimwagika mara moja thina yake huweza kuishambulia plastiki. Subiri dakika kumi, kisha uongeze mikono miwili ya kawaida. Ila sikiliza hili kwa makini: mvuke wa vanishi yenye kigumisho unadhuru mapafu, na kitambaa puani si kinga. Kama huna barakoa yenye vichujio vya kemikali, mpelekee kazi hiyo fundi wa rangi aliye nayo. Wewe umeshafanya sehemu ndefu, yeye atamaliza kwa muda mfupi.

Njia ya pili ni kinga ya kupaka iliyomo kwenye seti nzuri. Ipake kwa mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo bila kurudi nyuma, na usiruhusu maji yaiguse hadi ikauke kama maelezo yake yanavyosema. Njia ya tatu ni nta ya gari. Ni rahisi, lakini huoshwa na mvua na sabuni, kwa hiyo irudie kila mwezi bila kukosa. Asiyeweza vanishi na akawa mwaminifu kwa nta atavuna zaidi ya mwenye kompaundi ghali asiyerudi tena.

Usimpofushe mwenzako

Fari zikishakuwa safi, mwanga wake unakuwa na makali, na makali hayo yana pa kwenda. Magari mengi ya Ituri yana usukani wa kulia. Yalitengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kushoto, kama Japani, na tunayapata kupitia jirani zetu Uganda, Kenya na Tanzania wanaoendesha hivyohivyo. Fari zake za chini hupandisha mwanga upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa barabara. Kongo tunaendesha kulia, na kushoto ndiko wanakotokea wenzetu. Wakati lenzi ilikuwa na ukungu hakuna aliyelijua hilo. Sasa litajulikana usiku wa kwanza.

Simamisha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Pima urefu wa katikati ya balbu kutoka ardhini na uweke alama ya urefu huo ukutani. Washa fari za chini. Mstari wa juu wa mwanga unapaswa kuwa sentimita 5 hivi chini ya alama. Ukizidi, zungusha skrubu iliyo nyuma ya taa. Gari lililopakia makayabo hadi kwenye paa hukaa kwa nyuma na kuinua pua. Kama dashibodi yako ina kile kigurudumu chenye 0 na namba kadhaa, kitumie kushusha mwanga kabla ya safari.

Kisha tazama ule mwanga unaopanda kushoto. Mtu asimame kando ya taa, asogeze kipande kidogo cha karatasi nyeusi mbele ya lenzi hadi mpando ule ufe ukutani, na hapo ubandike skochi nyeusi. Madereva wa Uingereza hufanya vivyo hivyo wakivuka kwenda Ufaransa. Fari zenye gololi ya kioo ndani hazikubali mbinu hii. Hizo zishushe zaidi kwa skrubu. Na usiweke balbu za LED au zenon kwenye taa iliyotengenezwa kwa halojeni: mwanga wake hutoka mahali pasipolingana na kikombe, na hutapakaa kila upande.

Ikiwa ni lazima kununua

Lenzi ikiwa imepasuka au kikombe kimeungua, tafuta fari nyingine. Kwenye fari zenye herufi E ndani ya duara, tafuta mshale. Mshale mmoja unaoelekea kulia kwako unapoitazama taa kwa mbele unamaanisha ni ya nchi za kuendesha kushoto. Mshale wenye vichwa viwili unamaanisha inageuzwa kwa pande zote. Bila mshale ni ya kuendesha kulia, na hiyo ndiyo yetu. Kwa hiyo jozi iliyotoka kwenye gari la Ulaya au la Dubai, kama inaingia kwenye modeli yako, inakutatulia mambo mawili kwa mpigo. Ukinunua zilizotumika, zimwagie maji palepale dukani na uzipime kama nilivyoeleza.

Baada ya hapo matunzo ni madogo. Mwagia maji kabla ya kufuta, kila mara. Gari likishinda juani ufukweni, funika fari kwa gunia au kitambaa kizito. Mkataze mwenye tabia ya kufuta lenzi kwa mkono wa shati lake lenye vumbi, awe konvoyeri au mtoto wa nyumbani. Na kama bajeti inakulazimisha kuchagua kati ya kompaundi ya bei ghali na kinga nzuri, nunua kompaundi ya kawaida na uweke pesa kwenye kinga. Jasho linaweza kuziba pengo la kompaundi. Haliwezi kuziba pengo la kinga.